Mama ameanza kusahau, tufanyeje? Utafiti umethibitisha nini na nini bado

Ndani ya wiki moja kwenye grupu letu la familia ziliingia meseji tatu. Ya kwanza inasema wanasayansi wa Marekani wamepata njia ya kuzuia kusahau uzeeni. Ya pili ni tangazo la vidonge vya majani, kopo moja laki na themanini, eti mzee akimeza miezi mitatu akili inarudi kama ya kijana. Ya tatu ni sauti ya kaka yangu mkubwa, anaongea polepole kabisa, anasema jamani mama leo kaniita jina la marehemu baba mdogo mara mbili, tumnunulie hivyo vidonge au tusubiri?

Mimi ni muuguzi, nipo kliniki ya presha na kisukari miaka mingi sasa, na hilo swali la kaka naulizwa karibu kila siku na watoto wanaoleta wazazi wao, wengine wananong'ona ili mzee asisikie. Tatizo ni kwamba habari ya utafiti ikitoka huko ilikotoka mpaka ifike kwenye simu zetu inakuwa imeshageuka, "imepunguza kasi" inakuwa "imetibu", "baadhi ya watu" inakuwa "kila mtu", na mwisho kuna mtu anauza kitu. Kwa hiyo ngoja nieleze taratibu, tuanzie chini.

Kumbukumbu ifikirie kama duka la jumla. Kuna kupokea mzigo, kuna kuupanga kwenye shelfu, halafu kuna kuutoa mteja akiuliza. Umri ukienda muuzaji anakuwa mzito, mteja anaulizia kitu yeye anahangaika, anasema kipo nimekiona, baada ya nusu saa ndiyo anakitoa. Hiyo ndiyo ile ya kusahau jina la mtu mbele yake halafu likaja ukiwa jikoni. Mzigo upo ila umechelewa kutoka, na huo ni uzee wa kawaida wala hauna haja ya kumtisha mtu. Ugonjwa ni kitu kingine, pale mzigo hauingii dukani kabisa. Mgeni kaja, kala, kaondoka, baada ya dakika kumi mama anauliza huyo mgeni anakuja lini, na hata ukimkumbusha alikaa kiti gani na alileta ndizi hakuna kitu, yaani kwake hilo jambo halikutokea. Ila shelfu za zamani bado zimejaa, ndiyo maana atakusimulia harusi yake ya mwaka 1974 mpaka rangi ya khanga. Na hapa familia nyingi zinajidanganya, wanasema mbona anakumbuka mambo ya zamani vizuri tu, hana shida. Kukumbuka ya zamani hakumaanishi duka linapokea mzigo mpya.

Na siyo kumbukumbu tu. Kuna kupanga mambo, kuhesabu chenji, kufuata hatua za kupika, kutuma hela kwa simu, kuamua nani wa kumwamini na nani tapeli. Mama aliyepika pilau miaka arobaini akianza kuweka chumvi mara mbili au kusimama jikoni hajui kinachofuata ni nini, hilo ni la kuliangalia kuliko kusahau miwani imewekwa wapi.

Hali hiyo ikifika mahali mtu hawezi tena kujiendesha mambo yake ya kila siku ndiyo wataalamu wanaita dimenshia. Sasa dimenshia ichukulie kama homa. Homa siyo ugonjwa mmoja, unaweza kuwa na malaria, taifodi, UTI, zote zinaleta homa na kila moja ina chanzo chake. Dimenshia nayo hivyo hivyo, chanzo kinachoongoza ni Alzheimer, kama 60 hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100, kinachofuata ni uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo, yaani viharusi vikubwa au vidogo vidogo ambavyo mtu hata hakuvisikia, na mara nyingi kwa mzee mmoja utakuta vyote viwili vimekaa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema waliokuwa nayo mwaka 2021 ni watu milioni 57 na zaidi ya nusu yao wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo ule usemi kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu tuuache.

Jambo la pili ambalo lazima lieleweke ndiyo utafiti wote uingie akilini. Alzheimer haianzi siku mzee aliyosahau jina lako. Mabadiliko kwenye ubongo yanaanza miaka 15, 20 hata zaidi kabla, kimya kimya. Kuna utafiti mmoja maarufu wa watawa wa Kikatoliki Marekani, masista 678, walikubali kupimwa akili kila mwaka na wakifariki ubongo wao uchunguzwe. Wengine waliokutwa na ubongo ulioharibika sana walikuwa wameishi mpaka mwisho akili zao zikiwa kali, wanaongea vizuri, hakuna aliyewashtukia. Inawezekanaje?

Wakazi wa Dar mtanielewa haraka. Mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji, barabara ya Morogoro inafungwa. Anayejua njia moja tu analala njiani, ila dereva anayejua vichochoro vyote atazunguka huku, atatokea kule, atachelewa lakini nyumbani atafika. Ubongo uliosoma, uliofanya kazi nyingi tofauti, uliojifunza lugha, ulioongea na watu maisha yote una vichochoro vingi, kwa hiyo hata ugonjwa ukifunga barabara kuu mtu anaendelea kufika kwa muda mrefu. Kwa hiyo kulinda akili ni mambo mawili kwa pamoja, kupunguza mafuriko na kuongeza vichochoro. Tafiti karibu zote ninazozieleza hapa zinagusa moja kati ya hayo.

Sasa tunajuaje kitu kinalinda kweli? Chukua wazee wanaocheza bao kila jioni barazani, utakuta wengi wana akili kali. Je bao ndilo limewalinda, au ni kwamba wenye akili iliyoanza kuchoka waliacha kuja barazani ndiyo maana huwaoni pale? Kwa kuangalia tu huwezi kujua. Njia ya kujua ni kuchukua watu mamia, unawagawa kwa bahati nasibu, kundi hili lifanye kitu fulani na lile lisifanye, unasubiri miaka, unawapima wote. Ni kazi ndefu na ina gharama ndiyo maana majibu yanatoka kidogo kidogo. Kwa hiyo ukisikia "watu wanaokula kitu fulani hawasahau", uliza kwanza, waligawanywa kwa bahati nasibu au waliangaliwa tu?

Ule utafiti uliokuja kwenye simu zetu uligawa watu kwa bahati nasibu, na ni kazi nzuri, tatizo lilikuwa kichwa cha habari. Mwanzo wake ni Finland, utafiti wa FINGER uliotangazwa mwaka 2015 chini ya daktari Miia Kivipelto. Walichukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa kwenye hatari lakini bado wazima. Kundi moja likapewa ushauri wa kawaida wa afya, lingine likafanya vitu vinne kwa pamoja, chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kufuatiliwa presha, sukari na mafuta ya damu kwa karibu. Baada ya miaka 2 makundi yote yalikuwa yamepanda kidogo kwenye vipimo vya akili, ila lililofanya vinne kwa pamoja lilipanda zaidi kwa kama asilimia 25. Marekani wakarudia kwa namna yao, US POINTER, watu 2,111 wa miaka 60 hadi 79 waliokuwa hawafanyi mazoezi ya kutosha, matokeo yakatoka Julai 2025. Kundi moja lilipangiwa kila kitu, lilikuwa na vikao 38 vya pamoja kwa miaka 2 na ratiba ya mazoezi na chakula, lingine lilihamasishwa tu lijipangie lenyewe, vikao 6. Wote walipanda, waliopangiwa wakapanda zaidi kidogo.

Sikiliza hapo, maana ndipo meseji ilipopotosha. Hakuna aliyeponywa, kwa sababu hawa hawakuwa na dimenshia toka mwanzo. Na miaka 2 haitoshi kusema nani ataugua akiwa na 85. Tena kupanda kwenyewe sehemu fulani kunaweza kuwa ni kuzoea mtihani, mtu akifanya mtihani uleule mara ya nne lazima afanye vizuri. Kilichothibitishwa ni kwamba mtu wa miaka 65 akibadilisha maisha bado akili yake inaitikia, hajachelewa. Hilo peke yake ni kubwa, sana tu, maana nakutana na wazee kila siku wanaoniambia mwanangu mimi sasa nasubiri tu.

Kati ya vyote nikiambiwa nichague kimoja nakuambia presha, na sitamung'unya maneno. Ndani ya ubongo kuna mishipa mingine myembamba kuliko unywele. Presha ikiwa juu miaka kumi, kumi na tano, ni kama unafungulia maji ya mota kubwa kwenye mipira ya kumwagilia bustani, huku panavimba, huku panapasuka, huku pakavu hapafikiwi na maji. Mtu haumwi chochote, anatembea, anacheka, lakini vipande vidogo vidogo vya ubongo vinakufa. Marekani walifanya utafiti wa SPRINT, watu zaidi ya 9,300 wenye miaka 50 na kuendelea, nusu wakashushwa ile namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120 na nusu chini ya 140 kama ilivyozoeleka. Majibu ya upande wa akili yakatoka mwaka 2019, kwa walioshushwa zaidi ilipungua kwa asilimia 19 ile hatua ya katikati, yaani mtu akili imepungua kupimika lakini bado anajiweza. Kwa dimenshia yenyewe walipungua pia ila siyo kwa kiwango cha kusema tuna uhakika.

Uhakika ukaja kutoka mahali ambapo sisi tunapaelewa vizuri, vijijini. China walichukua vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha, kwenye nusu ya vijiji hivyo wale matabibu wa kijiji wasio na digrii wakafundishwa kutoa dawa za presha kwa mpangilio, kupima na kufuatilia. Baada ya miaka 4 wagonjwa wapya wa dimenshia walipungua kwa asilimia 15, na majibu hayo yalitoka mwaka 2025. Soma tena hapo, hakuna mashine kubwa, hakuna daktari bingwa, ni dawa za presha za bei ya kawaida na mtu wa kumkumbusha mzee. Hii ndiyo habari ambayo ningetamani ingezunguka kwenye magrupu.

Jumamosi ile nilienda kwa kaka Kimara. Mama hutunza dawa zake kwenye kopo la siagi, nikalifungua nikamwaga vidonge kitandani nikavihesabu, vilikuwa 41 na tarehe ya kuchukua dawa nyingine ilishapita wiki mbili. Nikamuuliza, mama hizi unamezaje? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, nikisikia kichwa kinagonga nameza. Kisipogonga mbona nijichoshe na kemikali?" Kadi yake mwezi wa tatu imeandikwa 178 kwa 96. Mimi ndiye ninayefundisha watu jambo hili kila Jumanne asubuhi kwenye benchi la kliniki, na mama yangu mwenyewe hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba presha haina kengele. Iliniuma mno. Na kuna wengi kama yeye, huko Hai mkoani Kilimanjaro wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa kijijini kama 7 kati ya kila 10 walikutwa na presha ya juu, na waliokuwa wanatibiwa ikashuka inavyotakiwa walikuwa wachache mno.

Tahadhari moja, usimwongezee mzee dozi mwenyewe kwa sababu umesoma 120. Mzee ikishuka haraka anaona kizunguzungu, anaanguka, anavunja nyonga. Lengo lake la presha anapanga na tabibu wake.

Nyumbani kwa kaka nikaona kingine. Namsalimia mama toka nyuma, kimya, nikimshika bega ndiyo anageuka. Masikio. Mtu asiyesikia vizuri ubongo wake unafanya kazi ya kubahatisha muda wote, kama anayesoma kwa mwanga wa kibatari, nguvu zote zinaishia kwenye kutambua herufi na hazibaki za kuelewa hadithi. Halafu anachoka, anajitenga, anaacha kuongea, watu nao wanachoka kurudia. Na kibaya ni kwamba sisi tunasema amesahau nilichomwambia kumbe hakukisikia. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2023, watu 977 wa miaka 70 hadi 84 wenye shida ya kusikia, wengine wakapewa mashine za masikio wengine elimu ya afya tu, miaka 3. Kwa ujumla wao hakukuwa na tofauti. Lakini kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi toka mwanzo, wenye presha, sukari na kadhalika, akili za waliovaa mashine zilishuka polepole zaidi kwa karibu nusu, asilimia 48. Mashine hizo kwetu ni ghali najua, ila kabla ya mashine anza na kuangaliwa ndani ya sikio. Mama alitolewa donge la nta la kila upande, ukubwa wa punje ya mahindi, akalalamika njiani kwamba honi za bodaboda zina kelele.

Macho nayo vilevile, mtoto wa jicho anaondolewa kwa operesheni fupi, usimwache mzee gizani ukidhani ni umri.

Halafu kuna hili linalonigusa zaidi ya yote, upendo wetu wa kumwambia mama apumzike. Mama kule kijijini alikuwa anaamka saa kumi na moja, anafungulia kuku, anauza mayai, anamkumbuka kila anayemdai na kiasi, Alhamisi kikoba, Jumapili kwaya, njiani anasimama kwa kila mtu. Tukamleta mjini kwa nia njema kabisa. Geti linafungwa, watoto wako shule, kaka na wifi wako kazini, yeye na tivii. Siku ile nilimkuta amechukua ungo anapembua mchele, vidole vinakwenda haraka, jiwe huku, chuya kule, dada wa kazi akaja akauchukua ungo, "bibi acha nitafanya, wewe pumzika." Akaachia. Akakaa akiwa ameweka mikono kwenye mapaja anaangalia ukuta.

Sisemi mjini ndiko kumemfanya asahau, mama mmoja siyo utafiti. Lakini tunajua kutokuwa na mwendo na upweke vyote viko kwenye orodha ya mambo yanayoongeza hatari. Kuna utafiti wa mwaka 2011 uliochukua wazee 120, nusu wakatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki na nusu wakafanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Baada ya mwaka, sehemu ile ya ubongo inayopokea mzigo mpya, inaitwa hipokampasi, iliongezeka kama asilimia 2 kwa waliotembea na ikapungua kwa waliojinyoosha. Siyo tafiti zote za baadaye zilizopata jibu hilohilo, kwa hiyo usiibebe kama jambo la uhakika, ila kutembea kunashusha presha na sukari, kunaleta usingizi, kunakutanisha na watu, na hayo yana ushahidi wake. Kwenda sokoni kwa miguu, kubishana bei, kuhesabu chenji, kuuliza wajukuu wa muuza nyanya hawajambo, hayo ni mazoezi ya mwili na ya akili kwa pamoja na hayalipiwi. Mpe mzee kazi anayoiweza na umuache aifanye hata kama inachukua saa nzima.

Michezo ya akili je, bao, drafti, mafumbo ya simu? Inafaa, ila ushahidi unaonyesha mtu anayejizoeza kitu anakuwa hodari wa kitu hicho zaidi kuliko vingine. Ukimpa mzee mafumbo ya simu peke yake chumbani umempa nusu, bao la barazani lina hesabu na lina watu na lina utani. Chakula? Marekani walijaribu mlo maalum wa ubongo kwa watu 604 miaka 3, majani mabichi, samaki, karanga, hawakuona tofauti ya wazi na kundi lingine lililokuwa pia linapunguza kula. Kwa hiyo kula mchicha, maharage na dagaa kwa sababu vinasaidia moyo, mishipa na sukari, ila mtu akikuuzia chakula cha kurudisha kumbukumbu mwambie hapana.

Tukija kwenye vidonge vya kaka. Majani yale kwenye kopo ni ginkgo, na bahati nzuri yameshapimwa vizuri kuliko mengi, mwaka 2008 yalitoka majibu ya watu 3,069 wa miaka 75 na kuendelea, nusu walikunywa ginkgo mara mbili kwa siku kwa miaka kama 6 na nusu walikunywa kidonge kisicho na dawa. Dimenshia ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Laki na themanini, mama ananunuliwa dawa za presha za miezi mingapi hapo. Ipo dawa mpya ya kweli ya Alzheimer, lecanemab, Marekani waliipitisha 2023, lakini ni kwa walio hatua za mwanzo tu, kwa kuanzia inachomwa kwenye mshipa kila wiki mbili, inahitaji picha za MRI kila mara kwa sababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuleta damu, na kazi yake ni kupunguza kasi ya kushuka, hairudishi kilichopotea.

Na wakati tunatafuta dawa za kuongeza, mara nyingi jibu liko kwenye za kuacha. Piriton ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya mafua na kujikuna inamchanganya mzee, vilevile dawa nyingi za usingizi na baadhi ya dawa za sonona kama amitriptyline. Mpelekee tabibu mfuko wote wa dawa, mwage mezani, muulize ipi inaweza kuwa inamsahaulisha. Muulize pia kuhusu vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, kaswende, VVU, pombe, maana hizo zote zinaweza kufanana na dimenshia na zina matibabu. Ukimwita mtu mzee amechanganyikiwa bila kuangalia haya umemfungia mlango uliokuwa wazi.

Kuna namba moja mtaendelea kuisikia, asilimia 45. Inatoka kwa kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2024, walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, yaani elimu ndogo utotoni, presha, kisukari, sigara, pombe, unene, kolesteroli, sonona, kuumia kichwa, hewa chafu, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kukosa mwendo na upweke. Maana yake siyo kwamba wewe ukifanya yote unapunguza hatari yako kwa 45. Maana yake dunia nzima ikiyaondoa yote, karibu wagonjwa 45 kati ya 100 wangeweza kuepukika au kucheleweshwa. Hao wengine 55 wangeugua hata hivyo, kwa hiyo tusimlaumu mgonjwa wala familia. Na angalia orodha vizuri, mtoto wa kike anayebaki shuleni leo na kijana anayevaa helmeti kwenye bodaboda wamo humo, hii kazi haianzi ukiwa na miaka 70.

Kwetu huku utafiti upo na naujivunia. Wilayani Hai walipozunguka nyumba kwa nyumba walikuta kama wazee 6 kati ya kila 100 wa miaka 70 na kuendelea wana dimenshia, na karibu wote hakuna aliyewahi kuwaambia wana nini. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mtu achore umbo kwa kalamu, sasa bibi ambaye hakwenda shule kalamu hajawahi kuishika, utasemaje akili imepungua? Wakatengeneza kipimo kinachotumia njiti nne za kiberiti, mpimaji anapanga umbo mezani, mzee anaangalia naye anapanga lake. Hukohuko wakajaribu vikao vya wagonjwa kwa makundi, wanaimba, wanazungumzia mazao, wanashika vitu vya zamani, na wagonjwa hao akili na hali ya maisha vikapanda kidogo, bila kidonge.

Hilo la kupewa jina la ugonjwa ni zito kuliko linavyoonekana. Bibi anayetoka nje usiku, anayeongea na marehemu, anayegonga mlango wa jirani akidhani ni wake, kuna vijiji anaitwa mchawi na tunajua kilichowapata baadhi yao. Akipimwa ikajulikana ni ubongo unaumwa, watu wa nyumba yake wanakuwa na la kumwambia jirani.

Mama sasa anameza dawa kila asubuhi na chai, kaka anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na mchele wa nyumba ile anapembua yeye. Jina la baba mdogo bado linamtoka mara mojamoja. Tumepanga apimwe kumbukumbu vizuri mwezi ujao, tutaona.

Na kama wa kwenu amebadilika ghafla, jana alikuwa mzima leo haeleweki, anaona vitu, analala mchana kutwa hashtuki, hiyo weka pembeni yote niliyoandika, dimenshia haiji kwa siku mbili. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, sukari imeshuka, nimonia au kiharusi, mpeleke hospitali leo hii, usisubiri asubuhi.